Naomba ushauri: nibadilishe difu au nifunge tabo?

Asalaam aleikum ndugu zangu. Nina Land Cruiser mkonga, HZJ75, injini 1HZ ya lita 4.2, difu (gia za ekseli zinazozungusha magurudumu) za uwiano wa 4.11. Nabebea karafuu huku Konde, Pemba. Tangu niifunge tairi za inchi 35 (tamaa yangu hiyo), imekuwa nzito. Kilima cha udongo mwekundu mvua ikinyesha, gia ya pili inakata pumzi. Nikirudi namba moja, klachi inanuka hadi abiria wananitazama. Nimebadilisha filta na sahani ya klachi, wapi! Fundi mmoja asema dawa ni tabo tu (turbo, ya kusukuma hewa zaidi kwenye injini). Naogopa, 1HZ haikuundwa nayo, ikizidi moto pistoni hupasuka.

Je, difu za 4.88 (zenye nguvu zaidi, mwendo mdogo) mbele na nyuma zitatosha bila tabo? Na ekseli za nyuma zitahimili tairi hizi na mzigo?