Chatu anayezaliwa na kizunguzungu: ni haki kuendelea kumzalisha na kumuuza?

Mzigua wa Dortmund

Wakuu, salaam. Najua kwetu nyoka akiingia ndani linalofuata ni rungu, si mjadala. Nivumilieni.

Naishi Ujerumani, jirani na mji wa Hamm, ambako mara kadhaa kwa mwaka hufanyika gulio kubwa la nyoka, mijusi na kobe. Watu hutoka nchi mbalimbali. Mwenzangu wa kazini ni mfugaji, siku moja nikamsindikiza. Nyoka wamepangwa mezani ndani ya makopo ya plastiki kama aiskrimu, kila kopo na bei yake. Wengi ni wale chatu wadogo wa Afrika Magharibi wanaojikunja kama mpira wakiogopa. Kule Ouidah, Benin, chatu hao wana hekalu lao, na akipotea mtaani watu humrudisha kwa heshima. Huku Ulaya huuzwa kwa rangi, kama vitenge.

Kilichonileta hapa nilikiona nyumbani kwa mwenzangu. Ana chatu wa aina inayoitwa buibui, kwa sababu mistari yake myeusi ni myembamba kama utando. Mzuri kweli. Akamletea panya kwa koleo. Yule nyoka akainua kichwa, kikaanza kutikisika, kikapinduka tumbo juu kama anayetafuta kitu mgongoni mwake. Akarusha mdomo, akauma hewa. Mara ya pili, hewa. Mara ya tatu ndipo akapata. Mwenzangu akacheka: "Ndivyo walivyo."

Nikaenda kusoma. Kumbe chatu buibui wote wa dunia wametokana na nyoka mmoja aliyeingizwa Marekani mwaka 1999. Mwaka 2022 watafiti waliwapiga picha za ndani za kichwa wakakuta sikio la ndani, lile linalompa kiumbe usawa, limeumbika vibaya. Wafugaji wamejaribu zaidi ya miaka ishirini kuwachanganya na damu nyingine ili kuyumba kuishe na urembo ubaki. Haikuwezekana. Mistari na kuyumba vinakuja pamoja. Ukimpandisha buibui na chatu wa kawaida, takriban nusu ya watoto watakuwa buibui, na unalijua hilo kabla yai halijatagwa.

Swali langu: mtu anayejua yote haya na bado anawapandisha auze, tumwite nani?

Chatu Mpole

Mkuu, mimi ni mzaliwa wa Mombasa, niko Leeds, na nafuga hao unaowasema. Buibui wangu wa kwanza ana miaka tisa. Anakula, anajivua ngozi vizuri, ametaga. Nyoka anayeteseka hugoma kula, hilo kila mfugaji analijua. Na hawayumbi sawa: wangu huwezi kuona kitu mpaka ashtuliwe. Umeona mmoja kwenye nyumba moja, ukahukumu kabila zima.

La pili, ambalo watetezi wa wanyama hawapendi kulisikia. Kabla sisi hatujaanza kuzalisha, chatu hawa walichimbwa mashimoni Ghana, Togo na Benin, majike yakiwa na mimba, wakasafirishwa kwa maelfu. Wapo wanaosafirishwa hadi leo. Rangi ndiyo iliyofanya mteja amtake aliyezaliwa nyumbani. Ukiua soko la rangi, unafikiri watu watafuga kanari?

Mama Kulwa

Nasoma nikiwa bandani Kibaha. Mimi ni mfugaji wa kuku wa kisasa. Wiki ya tano wengine hawanyanyuki, kifua kimewazidi miguu. Tumewatengeneza hivyo na nyote mnawala na chipsi. Mbona uzi wangu hamjaufungua? Au kwa kuwa kuku hana mzungu wa kumlilia?

Mzigua wa Dortmund

Mama Kulwa, umenishika pabaya, na kuku nimekula jana. Sina jibu safi. Ninaloweza kusema ni kwamba kuku wako anamlisha mtu, na mateso yake, yakiwepo, ni ya wiki chache. Chatu huyu anaishi miaka 20, 30. Kuna mmoja kwenye bustani ya wanyama ya St. Louis, Marekani, alitaga mwaka 2020 akiwa amepita miaka 60! Fikiria miaka yote hiyo hujui juu ni wapi na chini ni wapi, ili mtu apate mstari mzuri kwenye kioo sebuleni.

Chatu Mpole, hoja yako ya mashimo ni nzito, naikubali nusu. Lakini ziko rangi nyingi zisizo na ugonjwa wowote unaojulikana. Mteja atanunua hizo. Hakuna anayelazimika kuchagua kati ya buibui na kuchimba mashimo.

Mwanafunzi SUA

Niko mwaka wa nne, tiba ya mifugo, Morogoro. Naomba nirekebishe moja: kula si cheti cha afya. Ng'ombe mwenye kilema anakula, anazaa, anakamuliwa, na bado anaumia. Nyoka ndiyo kabisa, hana sauti wala uso wa kukunja. Halafu mnyama mwindaji ambaye hawezi kulenga, hata kama haumwi popote, amepokonywa kazi aliyoumbiwa.

Mfano mbaya zaidi ni ule mjusi wa rangi ya limau, wa jamii ya mjusi chui (leopard gecko). Alipotokea watu walitoa pesa nyingi. Baadaye vikaanza vivimbe vyeupe vya seli zilezile zinazompa rangi, na wengi wa wenye rangi hiyo wakaugua. Utafiti wa mwaka 2021 uliihusisha na jeni iitwayo SPINT1, ambayo kwa binadamu nayo inahusishwa na saratani. Kwa hiyo mteja alikuwa ananunua uvimbe kwa bei ya urembo. Mfugaji aliyekuwa anamkuza alisimamisha uzalishaji. Yule alipoteza fedha, na namheshimu.

Mtoto wa Usambara

Sheria inasemaje huko? Kwetu Tanzania serikali ilifunga usafirishaji nje wa wanyamapori hai mwaka 2016. Mjomba alikuwa anakamata vinyonga Muheza, ikabidi arudi kwenye machungwa.

Mzigua wa Dortmund

Hapa Ujerumani kifungu cha 11b cha sheria ya ulinzi wa wanyama kinakataza kuzalisha mnyama mwenye uti wa mgongo ukitarajia watoto wapate maumivu au madhara ya kurithi. Lakini mtu anaweza kuzalisha chumbani kwake, nani atamjua? England kanuni za mwaka 2018 zinamzuia mfugaji wa mbwa mwenye leseni kuzalisha mbwa ambaye jeni zake zitaleta madhara. Za mbwa. Nyoka hakukumbukwa. Ila kuna chama cha wafugaji wa reptilia Uingereza kilichokataa buibui wasiuzwe kwenye maonyesho yake, na hao ni wapenzi wa nyoka wenyewe.

Walio hai wasiuawe, sijasema hivyo. Watunzwe mpaka wafe. Wasipandishwe tu.

Chatu Mpole

Rahisi kusema ukiwa huna hata mmoja. Nina mayai sita kwenye kitotoleshi, nyuzi 31, yamebakiza wiki tatu. Baba yao ni buibui. Niyatupe?

Mama Kulwa

Usitupe, mwanangu. Yaangue. Watakaotoka wa kawaida, uza. Watakaotoka buibui, kaa nao wewe hiyo miaka thelathini. Si umesema hawana shida?