Nimepigwa Köln: bia 17 zimegeuka 22, na "nusu jogoo" kumbe ni mkate na jibini!

Wakuu, natumaini mko salama. Mimi siko salama. Leo siku ya tatu hasira haijashuka na mke wangu amechoka kunisikiliza, kwa hiyo sasa zamu yenu.

Baba mdogo na mama mdogo walikuja Köln kwenye maonyesho ya vyakula ya Anuga, mambo ya korosho. Mimi niko Dortmund, saa moja na dakika kadhaa kwa treni, nikaona ni aibu mzee afike Ujerumani kisha aondoke amekula pizza za stesheni tu. Nikawapeleka kwenye baa moja ya zamani, zile wanazopika bia yao wenyewe, si mbali na lile kanisa kuu la minara miwili. Jina silitaji, mods wasije wakafunga uzi. Meza za mbao, watu wamebanana kama daladala ya Mbagala, wahudumu wanaume wamevaa aproni za bluu. Tulikuwa wanne: wao wawili, mimi, na jamaa yangu anayesoma sheria Bonn.

Chakula chenyewe, nisiwe mnafiki, kilikuwa kitamu. Tuliagiza Hämchen, yaani mguu wa kitimoto, ule wa gotini. Huku Köln hauchomwi ngozi ikawa kavu kama kule Bavaria. Unalazwa kwenye chumvi, kisha unachemshwa mpaka nyama inaachia mfupa yenyewe. Unakuja umekalia kabichi chachu na viazi vya kuponda, haradali pembeni. Mguu mmoja ni mlima, kwa hiyo tukaagiza mmoja tule wanaume watatu na tukaomba sahani mbili za ziada. Shikeni hizo sahani, nitarudi.

Mama mdogo ni Msabato, kitimoto hagusi na bia hagusi. Nikapitisha macho kwenye menyu nikaona "Halve Hahn". Kijerumani changu ni cha kazini, lakini Hahn ni jogoo, hilo najua. Nikamwambia kwa kujiamini kabisa, "Mama, hapa kuna nusu jogoo, euro 6 na senti 50." Bei ilipaswa kunishtua, lakini njaa haina akili. Nikamwambia mhudumu mama hali nguruwe, anataka kuku, tuletee hiyo. Akatabasamu, akaandika, akaenda.

Kilichokuja ni kimkate cha nafaka ya rai (rye), kipande cha jibini ya Gouda kinene kama kitabu, vitunguu vibichi na haradali. Basi. Mama mdogo akageuza sahani, akaangalia chini ya mkate, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, jogoo anakuja baadaye?"

Kumbe hilo ndilo jina la mkate huo Köln, na mji mzima unajua. Sawa, ujinga wangu nakubali. Kinachoniuma ni kwamba nilitamka neno kuku, yeye akajua nimekosea, akanyamaza, halafu akaenda kuwasimulia meza ya jirani wakacheka huku wanamwangalia mama yangu. Nikaomba maji ya bomba, akaniuliza kama niletewe na sabuni na taulo. Jamaa wa Bonn akasema huo ni utani wao wa jadi, wahudumu wa Köln wanaitwa Köbes na wanajulikana kwa mdomo mchafu. Sawa, utani. Mama wa miaka sitini na kitu amekaa na kiu, wewe unafanya utani.

Sasa bia. Bia ya Köln ni Kölsch, inakuja kwenye glasi nyembamba ya lita 0.2, mtu mzima unaimaliza kwa mikupuo mitatu. Huagizi. Glasi ikiisha anaichukua, anaweka nyingine, anachora kijiti kwa penseli kwenye kile kidude cha karatasi ngumu cha kuwekea glasi, Bierdeckel. Vijiti vinne, cha tano kinakata, kama tulivyohesabu darasa la kwanza. Usipotaka tena unafunika glasi kwa hicho kidude. Usipofunika, bia zinakuja mpaka Yesu arudi.

Kwetu baa ikikuletea bia, chupa tupu zinabaki mezani. Mkibishana mnahesabu chupa, mjadala umekwisha. Hapa glasi zinaondoka, ushahidi wote uko kwenye penseli ya mtu mmoja.

Katikati ya mlo kidude chetu kililowa povu. Köbes akakichukua, akaweka kipya, akachora vijiti haraka haraka, cha zamani akakitia mfuko wa aproni. Sikukagua, nilikuwa nabishana na mfupa. Baada ya hapo zikaja raundi mbili tu, tatu tatu, baba mdogo akafunika, na sisi tukafunika.

Bili: bia 22 kwa euro 2 na senti 40, jumla euro 52 na senti 80. Sahani mbili TUPU, euro 2 na senti 50 kila moja. Nikauliza za nini, akageuza menyu nyuma, maandishi madogo kama ya dawa. Nikauliza bia, akanyooshea kidole vijiti. Nikatoa kadi, hawapokei kadi. Nikatoka kwenye mvua kutafuta ATM. Baba mdogo akacheka, akasema neno hela lenyewe tulilipata kwao, kutoka Heller, sarafu ya enzi za Mjerumani, basi leo tumeirudisha. Mimi sikucheka. Niliporudi nikalipa hesabu kamili, bakshishi sikuacha hata senti, na yeye chenji akaimwaga mezani badala ya kunipa mkononi.

Sasa sikilizeni. Juzi baba mdogo katuma picha kwenye kundi la familia, ile ya mguu wa kitimoto, anajisifu kwa shemeji zake. Pembeni ya sahani kidude cha zamani kinaonekana, kimelowa lakini kinasomeka: mafungu mawili na kijiti kimoja. Kumi na moja! Na picha aliipiga wakati kile kidude kinaondolewa, mkono wa Köbes umo kwenye picha. Kumi na moja jumlisha sita ni kumi na saba. Fungu zima limezaliwa ndani ya aproni.

Najua kuna watakaosema euro 12 ni hela gani, hamia mbele. Jamaa wa Bonn kaniambia wanafundishwa darasani kwamba kile kidude chenye vijiti ni hati kisheria, mteja akifuta kijiti ni kughushi. Na anayeongeza je?

Mlioko Köln, mmewahi kurudi baa na picha mkononi mkadai? Nianze na meneja au niandike barua? Na msiniambie niandike maoni ya nyota moja, hiyo nimeshafanya, wamejibu kwa kicheko na wakanikaribisha tena.