Menkiti na Gyekye: nawatofautishaje kwenye andiko la jamii na haki za mtu?

Muuliza swali
Wakuu, naandaa pendekezo la utafiti wa uzamili kuhusu jamii na maadili katika falsafa ya Kiafrika. Msimamizi anauliza dai langu ni lipi. Nikiwasoma wanafalsafa Menkiti wa Nigeria (1984) na Gyekye wa Ghana naona wote wanasema mtu ni watu. Tofauti iko wapi, na siasa inaingiaje?

Jibu la 1
Mkuu, "mtu ni watu" imebeba madai matatu. La kwanza: binadamu hulelewa na kufinyangwa na wenzake. Hilo karibu hakuna anayelipinga. La pili: utu kamili hauji kwa kuzaliwa tu, hupatikana kwa kutimiza wajibu. La tatu: jamii ina mamlaka ya kumwamuru mtu hata asipotaka. Maandiko mengi huharibika hapa: mwandishi anathibitisha la kwanza, anaandika "kwa hiyo", anarukia la tatu. Pigia mstari kila "kwa hiyo" kwenye rasimu yako uone imesimama juu ya nini.

Menkiti anatetea la pili: utu hufikiwa hatua kwa hatua, na mtu anaweza kuukosa. Gyekye anajibu kuwa hata mwenye tabia mbovu ni mtu, kwa sababu uwezo wa kufikiri na kuchagua anao, na haki zake zinatoka humo.

Jibu la 2
Sawa, ila usimpe Gyekye ushindi wa haraka. Anazikubali haki, kisha anatanguliza wajibu. Mwanafalsafa Matolino alimkosoa mwaka 2009 kwamba hajaachana sana na Menkiti, na ukosoaji huo ni mzito. Mpime Gyekye kwa swali hili: haki ikigongana na wajibu, nani anaamua, na asiyeridhika akate rufaa kwa nani? Asipojibu hilo, nadharia yake ya siasa bado ina pengo.

Jibu la 3
Kwa upande wa siasa, Tanzania inakupa mfano mzuri. Mwaka 1968 Nyerere alisisitiza kwamba mtu asilazimishwe kuingia kijiji cha ujamaa. Mwaka 1973 kuhamia vijijini kukawa amri. Tafuta hoja iliyounganisha misimamo hiyo miwili, kisha uipime kwa madai matatu ya hapo juu. Ila uwe makini: amri ilihusu kuishi pamoja, si kulima pamoja. Ukichanganya hayo mawili, mtahini atakubana hapohapo.