Kitabu cha Mtoto Kitangulize Fundisho au Kisa?

Mtoa mada

Februari 2023 Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia ya Tanzania ilipiga marufuku vitabu 16 vya ziada visitumike katika shule na taasisi za elimu, kwa maelezo kwamba vinakwenda kinyume na mila, desturi na maadili ya nchi. Miongoni mwake vilikuwemo vya mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid wa Mmarekani Jeff Kinney. Sipingi wajibu wa Serikali wa kuwalinda watoto, wala sikusudii kuvitetea vitabu hivyo hapa. Ninachotaka tujadili ni upande tuliouacha nyuma tulipokuwa tukibishana kuhusu kisichofaa: tunataka watoto wasome nini ili wakue wakiwa wakweli, wenye huruma na wenye moyo wa kustahimili hofu na huzuni zao, na je, vitabu tunavyowaandikia kwa Kiswahili vinaifanya kazi hiyo?

Msimamo wangu ni kwamba kitabu humjenga mtoto pale kinapomwacha akae na mhusika katika woga, wivu, hasira au msiba wake hadi aone mwenyewe matokeo ya kile mhusika alichochagua kufanya. Vitabu vyetu vingi havimpi nafasi hiyo, kwa sababu vimeandikwa kwa haraka ya kulifikia fundisho.

Chukueni kitabu cha kurasa chache cha aina tunayoifahamu sote. Mtoto anakatazwa na mama yake asipande mwembe; anapanda, tawi linakatika, mkono unavunjika; ukurasa wa mwisho unawaambia watoto wawatii wazazi wao, kisha yanafuata maswali ya ufahamu. Hatuambiwi kilichomfanya apande: pengine wenzake walimwita mwoga, pengine alitaka kumchumia embe mdogo wake. Hatumwoni usiku wa kwanza mkono ukiwa umefungwa hogo, akitafakari namna ya kumtazama mama yake asubuhi. Na mama naye, je, alikasirika, aliogopa, au yote mawili kwa pamoja? Hapo ndipo palipokuwa na somo la tabia, na hapo ndipo mwandishi alipoparuka. Mtoto anayekisoma kitabu hicho anajifunza kwamba akiulizwa swali la mwisho ajibu "tuwatii wazazi", na jibu hilo analijua hata kabla ya kufungua jalada.

Watakaoniambia kwamba nadai mtindo wa kigeni nawakumbusha ngano ya kima na papa, ambayo mmisionari Mwingereza Edward Steere aliichapisha London mwaka 1870 katika mkusanyiko wa hadithi alizosimuliwa Zanzibar. Kima anaishi juu ya mkuyu ulioinamia bahari, na kila siku anamtupia papa matunda hadi wanakuwa marafiki. Papa anamwalika kwao, anambeba mgongoni, na wakiwa katikati ya maji anamweleza kwamba sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hana pa kukimbilia, na aliyemsaliti ni rafiki ambaye yeye kima alimlisha kwa mkono wake. Halii wala hatukani. Anatulia, anafikiri, anasema kwamba wao kima huacha mioyo yao mitini, na papa anamrudisha pwani kuufuata. Akishafika juu ya mti hashuki tena, hata papa ambembeleze vipi, bali anamsimulia kisa cha punda wa dobi, aliyeponea chupuchupu makucha ya simba kisha akakubali kubembelezwa arudi palepale, akaliwa. Ngano hiyo inamfundisha mtoto kuidhibiti hofu, kuutambua usaliti, na kujua kwamba si kila anayekuomba urudi anastahili kurudiwa. Nguvu yake yote imo katika yale maji yaliyomzunguka kima. Msimuliaji akiyavuka maji hayo kwa haraka, hakuna mtoto atakayejua ujasiri ulikuwa wapi.

Utafiti nao una la kutuambia. Mwaka 2014 Kang Lee wa Chuo Kikuu cha Toronto na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa watoto wa miaka 3 hadi 7, ambao waliachwa peke yao na kichezeo wakiwa wamekatazwa kukichungulia, wakasomewa hadithi, kisha wakaulizwa kama walichungulia. Waliosomewa kisa cha Pinocchio, ambaye pua yake hurefuka akidanganya, au cha mchungaji aliyeliwa kondoo kwa sababu ya uongo wake, hawakuwa wakweli zaidi ya waliosomewa hadithi isiyohusu ukweli kabisa. Waliosema kweli zaidi ni waliosikia masimulizi ya utotoni ya George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, aliyekiri kwa baba yake kwamba ameukata mcheri, akasifiwa kwa ukweli wake. Na watafiti walipoubadilisha mwisho wa kisa hicho ili mtoto asisifiwe bali apate mabaya, athari yake ilitoweka. Tukiitazama rafu yetu kwa jicho hilo tutaona mikono iliyovunjika na watoto waliopotea porini, na tutatafuta kwa shida mtoto aliyekosea, akajikaza, akakiri, akapokewa vizuri.

Jambo la mwisho ni huzuni, na hili linaniuma kuliko yote. Pakitokea msiba nyumbani, watoto wadogo mara nyingi hupelekwa kwa jirani na kuambiwa kwamba bibi amesafiri. Kitabu kingeweza kumshika mkono mtoto huyo, kikamwambia kwamba yuko mwingine aliyeusubiri mlango ufunguliwe na bibi asiingie, na kwamba kulia si utovu wa nidhamu. Katika rafu ya Kiswahili vitabu vya namna hiyo ni vichache mno kulingana na wingi wa misiba yetu. Nawaomba mchangie, na anayenipinga anipinge kwa hoja.

Mzazi, Morogoro

Ndugu mtoa mada, nakuheshimu lakini sikubaliani nawe. Mtoto wa miaka mitano anahitaji neno lililonyooka. Wazee wetu walisimulia, kisha wakahitimisha kwa methali ili kisa kisipotee hewani, na hakuna aliyewaambia kwamba wanaua hadithi. Ukimwachia mtoto atafute maana mwenyewe, ataipata ile inayompendeza. Wanangu wakisikiliza visa vya sungura na fisi wanampenda sungura, ambaye ni mwizi na mwongo, na wanamcheka fisi kwa ujinga wake, hakuna anayemhurumia.

Isitoshe, kwa kuwa umetuletea watafiti wa Toronto, nami nitawaleta haohao. Mwaka 2017 walichapisha jaribio jingine, ambamo watoto wa miaka 4 hadi 6 walisomewa kisa cha kugawana vitu. Waliosomewa kisa chenye wahusika binadamu waligawa stika zao kwa ukarimu zaidi kuliko mwanzo, na waliosomewa kisa kilekile kikiwa na wanyama waliovaa nguo hawakufanya hivyo. Kama mambo ndiyo hayo, ngano yako ya kima, pamoja na uzuri wake wote, ni burudani. Mtoto hajioni ndani yake.

Mwalimu wa shule ya msingi, Kilifi

Nafundisha Gredi ya 3. Mtaala wetu wa umilisi, ulioanza kwa majaribio mwaka 2017, unataja maadili ya msingi yakiwemo upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo na uadilifu, na mwalimu anatakiwa ayaingize katika kila somo. Nayaunga mkono yote. Hata hivyo, nimeona waandishi wakiyageuza kuwa orodha ya ununuzi: kitabu kimoja cha heshima, kingine cha amani, kila kimoja na mhusika ambaye kazi yake ni kulitamka neno hilo.

Niwaeleze niliyoyaona darasani. Tulikuwa tukisoma kisa cha msichana aliyemwonea wivu mtoto mchanga aliyezaliwa kwao, hadi akatamani arudishwe hospitali. Nilipofika hapo darasa likacheka, nami nikataka kusonga mbele. Mvulana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye hazungumzi kwa kawaida, akauliza kama msichana huyo alipigwa kwa kutamani hivyo. Nikamjibu kwamba hakupigwa, mama yake alimpakata pamoja na mtoto. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba yeye pia hufikiria hivyo. Waliobaki hawakucheka tena. Kadhaa waliinua mikono kusema ya kwao, na kipindi kikaisha kabla hatujafika ukurasa wa mwisho. Kitabu hicho hakina fundisho lililoandikwa popote.

Wakati huohuo, namwomba mtoa mada asisahau kwamba hilo liliwezekana kwa sababu nilikuwapo. Mtoto akiwa peke yake na kitabu, katika nyumba ambayo mzazi anarudi usiku amechoka, huenda wivu ule angeuweka moyoni na kukifunga kitabu. Kuhusu kima na wanyama wengine sina neno. Wanafunzi wangu wanawapenda, nami nawasimulia.

Mtoa mada

Nawashukuru nyote. Nianze na mzazi mwenzangu wa Morogoro. Utafiti ulioutaja ni wa kweli na waandishi wetu wangepaswa kuujua: anayetaka mtoto agawane na wenzake vitu alivyo navyo sasa hivi, aandike kuhusu watoto wenye majina, nyumba na wadogo wao, aachane na sungura aliyevaa suruali. Lakini jaribio lile lilipima idadi ya stika ambazo mtoto alitoa mara tu baada ya kusomewa mara moja. Ngano haikutungwa kwa kazi hiyo. Mtoto husimuliwa ngano mara nyingi, na watu walewale, usiku baada ya usiku, na kila anapokua husikia kitu ambacho hakukisikia awali. Wa miaka mitano hufurahi kwamba kima amepona, wa miaka kumi huanza kuuliza kwa nini papa alikubali kumuuza rafiki yake kwa ajili ya sultani.

Sungura unayemlaumu naye hushindana na fisi, simba na tembo, wote wakimzidi nguvu, na mtoto ambaye kila aliye karibu naye ni mkubwa kuliko yeye ana sababu nzuri ya kumpenda. Ukitaka wanao wamhurumie fisi, waulize fisi alijisikiaje aliporudi nyumbani na njaa. Wataanza kumhurumia hapohapo, kwa kuwa umewafungulia mlango ambao msimuliaji aliupita. Methali za wazee nazo sizikatai, ila wazee hao walisimulia mbele ya watoto, wakiwatazama usoni, na walijua ni usiku gani methali inafaa na usiku gani inyamaziwe. Mwandishi haoni uso wa msomaji wake, na ndiyo maana namtaka ajizuie zaidi yao.

Kwa mwalimu wa Kilifi, hoja yako kuhusu uwepo wa mtu mzima naipokea yote, na ndiyo inayonifanya niwaelekee wanaoidhinisha vitabu. Taasisi ya Elimu Tanzania hutoa ithibati kwa vitabu vya ziada, na kwenu Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ina orodha yake ya vitabu vilivyokubaliwa. Wachapishaji huandika kwa kuitazama meza ya mkaguzi, hilo halifichiki, na mkaguzi akiuliza tu kama kitabu kina maadili, ataletewa maadili yaliyobandikwa ukurasa wa mwisho. Napendekeza maswali mawili yaongezwe kwenye meza hiyo: je, katika kitabu hiki kuna mahali ambapo mhusika anapambana na hisia ngumu kwa kurasa zisizopungua mbili bila mtu mzima kuingilia na kumhukumu, na je, mwishoni, badala ya maswali ya ufahamu yenye jibu moja, kuna ukurasa unaomsaidia mzazi au mwalimu kuzungumza na mtoto kuhusu mahali hapo? Mvulana wa dawati la nyuma alihitaji vitu hivyo viwili, akavipata kwa bahati ya kuwa na mwalimu aliyekubali kipindi kiishe kabla ya kitabu.