Kunguru wananimalizia vifaranga, nifanyeje?

Mama Rukia, Bububu:
Assalaam aleikum. Kuku wangu kaangua juzi, na kunguru hawanipi nafasi. Wanakuja wawili: mmoja anamchokoza mama kuku, mwenziwe ananyakua kifaranga. Jirani kanishauri nitie sumu ya panya kwenye matumbo ya samaki. Inafaa?

Mzee wa Shamba:
Waaleikum salaam. Usithubutu! Watakufa paka wa mtaa mzima, na kuku wako mwenyewe. Hawa kunguru asili yao Bara Hindi. Waliletwa Unguja miaka ya 1890 ili wale taka za mji. Taka wanakula kweli, lakini na mayai na makinda ya ndege wetu pia. Miaka ya 1990 walitegewa sumu maalumu, wakapungua sana. Kazi ikasita, wakarudi.

Fundi Tundu:
Mtego wa waya unafaa, ukiweka kunguru hai ndani awavute wenzake. Mpe maji na kivuli. Ila jaa likibaki wazi utatega mpaka uchoke. Viota vya mwembeni viangushe mapema.

Mama Rukia:
Nyavu kuukuu ninazo, nalifunika banda leo. Matumbo ya samaki nitayafukia. Jirani kanuna.