Mwanangu ana seliaki, ngano tumeacha, lakini tumbo na choo kigumu haviishi

MamaNyegezi:
Habari zenu wapendwa, na wakubwa shikamooni. Binti yangu ana miaka saba. Alipimwa damu, akaingizwa kamera tumboni na kuchukuliwa kinyama cha utumbo, ikathibitika ana seliaki. Daktari alinieleza kwamba akila gluteni iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai, mwili wake wenyewe unaushambulia utumbo mwembamba. Tukaacha mkate, chapati, maandazi na tambi. Kuharisha kumekwisha na uzito unapanda, namshukuru Mungu.

Sasa shida imegeuka. Anakaa siku tatu, nne bila choo, kikija ni vigololi kama vya mbuzi, na machozi juu. Jioni anashika kitovu. Juzi mwalimu kanipigia kwamba kajichafua darasani, nikahofia kuharisha kumerudi. Anakula ugali wa sembe, wali, ndizi, sato, uji wa lishe asubuhi, na maziwa anayapenda mno. Yuko pia kwenye dawa ya kuongeza damu. Mawifi wanasema nimemnyima mkate ndiyo maana, nimpe kidogo kidogo tumbo lizoee. Mwenye mtoto kama huyu anisaidie.

BabaWawili_Igoma:
Pole sana dada. Mkate usirudishe hata kipande, kwenye seliaki hakuna kuzoea. Wangu wa kwanza anayo. Swali langu ni moja: huo unga wa lishe unasagia wapi? Lishe nyingi za kununua zina ngano ndani. Na hata ukichanganya mwenyewe, mashine inayosaga ngano ya jirani kabla yako inakuachia unga wake kwenye mahindi yako. Angalia na samaki wa kununua barabarani: wengine wanapakwa unga wa ngano, au wanakaangwa kwenye mafuta yaliyotoka kupika maandazi. Na vinywaji vya kimea, hicho kimea kwa kawaida ni shayiri.

NesiMstaafu:
Marahaba mwanangu, na pole. Nianze na la darasani, maana ndilo linaloumiza mtoto zaidi. Kwa unavyoeleza, huenda si kuhara. Choo kigumu kikijaa utumbo mpana, kile cha majimaji kinapenya pembeni na kuvuja bila yeye kusikia. Asichapwe wala asichekwe. Mweleze mwalimu wake, na aruhusiwe kutoka darasani wakati wowote akibanwa.

Watoto wengi wakiacha ngano hupungukiwa makapi, yaani nyuzinyuzi za chakula. Wali mweupe na sembe havina kitu cha kusukuma choo. Hamia dona, ulezi na mtama, ila nunua nafaka nzima, pepeta na kuosha nyumbani, kisha tafuta mashine isiyosaga ngano kabisa. Maharage, choroko, mchicha, matembele, papai, embe, parachichi. Sisi wa huku tuna michembe na matobolwa, viazi vitamu vitupu, havina gluteni, na mtoto anabeba shuleni wenzake wakila maandazi. Ongeza taratibu, na maji ya kunywa yaongezeke pamoja navyo, la sivyo tumbo litajaa gesi. Maziwa punguza: yakizidi humshibisha akaacha chakula kingine, na kwa baadhi ya watoto yanafunga choo. Utumbo ambao haujapona unaweza pia kushindwa kusaga sukari ya maziwa, hapo tumbo hujaa na kuuma.

Dawa ya damu nayo inafunga choo. Usiikatishe mwenyewe, watoto wa seliaki mara nyingi damu yao iko chini. Mwambie daktari aangalie kipimo au aina.

Lakini nikuambie kweli, choo kikishaganda hivyo, papai peke yake haliwezi. Anahitaji dawa ya kulainisha, laktulosi au makrogoli, kwa kipimo cha uzito wake. Usimwekee maji ya sabuni kwa nyuma wala kumnywesha shubiri. Kila baada ya mlo akae chooni dakika tano hadi kumi, miguu juu ya kigoda ili magoti yapande kuliko nyonga, bila kuharakishwa. Akishajua kwamba kujisaidia kunauma, anabana, na kadiri anavyobana ndivyo choo kinavyokauka.

Mkerewe:
Mimi nasisitiza apimwe choo. Sisi wa mwambao tuna kichocho cha tumbo na minyoo, na mtoto wa seliaki hakingwi navyo. Kama anaoga au kuchota maji ziwani, mwambie daktari wazi. Tusiitupie seliaki kila maumivu.

MamaNyegezi:
Mungu awabariki. Nimeuliza mashineni, kijana kaniambia ngano wanasaga hapo hapo. Uji huo nimeusitisha leo. Tuna kliniki ya watoto Bugando wiki ijayo. Niombe vipimo gani? Na dawa ya kulainisha nikianza, naacha lini?

BabaWawili_Igoma:
Omba warudie kipimo cha damu cha kingamwili za tTG, zile zinazopanda mwenye seliaki akila gluteni, uone kama zinashuka. Wetu zilishuka polepole, na utumbo wenyewe unaweza kuchukua mwaka au zaidi kupona, kwa hiyo usikate tamaa zikiwa bado juu kidogo. Omba na kipimo cha tezi ya shingo. Ugonjwa wake huambatana na seliaki kwa baadhi ya watoto, na tezi ikizembea choo hufunga.

NesiMstaafu:
Na wiki isikufunge. Akitapika kijani, tumbo likivimba na kukaza, akipata homa, damu kwenye choo, au akianza kupungua uzito tena, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Dawa ya kulainisha usiache siku choo kikilainika. Utumbo uliotanuka unachukua miezi kurudi, kwa hiyo wengi huendelea nayo miezi kadhaa, kisha daktari anaipunguza kidogo kidogo. Andika kwenye daftari siku anazopata choo na kilivyokuwa, uende nalo kliniki.