Kola ya shati la tai: kipande kimoja au viwili?

Mkata_Kaki: Wakuu, namshonea baba shati la mikono mirefu, atalivaa na tai kwenye harusi ya dada. Mwili nimeshachora kwenye karatasi, imebaki kola. Niende na kipande kimoja, au viwili: stendi (ule mkanda unaokumbatia shingo) na kola yenyewe? Shingo ya mchoro wangu inazunguka sm 44.

BintiTanga: Kwa tai, viwili. Kipande kimoja nakipenda kwenye mashati ya kitenge na kaunda suti, kinalala wazi vizuri na hakina kazi nyingi. Lakini ukikifunga mpaka juu, tai haipati pa kukaa.

Sindano7: Namuunga mkono dada. Chora nusu tu, katikati ya mgongo iwe kwenye mkunjo wa karatasi. Nusu ya shingo yako ni sm 22, ongeza sm 2 za kifungo. Stendi nyuma iwe na kimo cha sm 3, na ncha ya mbele ipandishe sm 1.5. Usiache kuipandisha! Shingo ya mtu ni nyembamba juu kuliko chini, stendi iliyonyooka kama rula itaachia mwanya. Kola yenyewe haiingii kwenye zile sm 2, inakomea katikati ya mbele. Nyuma ipe sm 4.5, ikizidi stendi, la sivyo mshono utachungulia mgongoni.

FundiKona: Hizo 44 zinanitia shaka. Umepima kwenye mstari wa mshono au ukingoni? Na bega je? Mimi niliwahi kuharibu shati la mteja kwa kosa hilohilo, kola ikazidi na kitambaa kilikuwa kimeisha. Iliniuma sana.

Mkata_Kaki: Shikamoo fundi. Mstari wa mshono nimeufuata, tepu nimeisimamisha kwa ubavu. Ila mabegani nimepita juu ya akiba (ile ziada ya kushonea), sm 1 kila ukingo.

FundiKona: Marahaba. Kingo ni nne, mbele na nyuma kwa kila bega, toa sm 4. Shingo yako ni 40.

BintiTanga: Na kola ya chini ikate nyembamba kwa mm 2 kuliko ya juu, mshono ujifiche kwa ndani.

Mkata_Kaki: Basi nusu ni 20, na kifungo 22. Nafuta nachora upya, nijaribu kwanza kwa shuka kuukuu. Asanteni mno.